Joto la Mguu wa Hamanasu

Hanshin, 28 Machi 1962

Baba,

Shikamoo. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Mimi mzima. Samaki wa chumvi mliyetuma nilimla peke yangu, wenzangu zizini wakaninunia.

Farasi wetu Hamanasu anakimbia Jumapili ya tarehe nane Aprili, zile mbio kubwa za majike wachanga. Tajiri aliyemnunua kwako amerudia ahadi: akishinda, atamrudisha kwako azae. Ukoo wa mama yake umebaki kwake tu, najua unavyomngoja.

Sasa nisikilize. Tangu juzi mguu wake wa mbele una joto, chini ya goti. Hachechemei, mkufunzi haoni kitu. Mimi mtunzaji mgeni, nikisema ovyo nitafukuzwa. Wewe ulimlea mama yake. Ukisema ni hatari, nitamwambia mkufunzi, liwalo na liwe. Nisipopata neno lako, nitajua si kitu.

Mwanao,
Mitsugu

Urakawa, 4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako mgongo unamuuma, mdomo mzima. Barua yako imecheleweshwa na theluji, nimeipata leo.

Asikimbie. Mama yake alikuwa na joto hilohilo, wakamkimbiza, akaumia vibaya mno, tukamwokoa kwa bahati tu. Ahadi na ipotee, bora awe hai.

Nilitaka kupiga telegramu. Lakini ukishamuuza farasi huna mdomo tena kwenye zizi la watu, na telegramu kila mtu wa posta anaisoma. Wangesema mzee anamfundisha mkufunzi kazi, nawe ungeaibika. Barua itawahi.

Baba yako

Hanshin, 9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hali sijui nikuulizeje.

Barua yako nimepewa leo asubuhi. Jana nilingoja mpaka anatandikwa, nikajiambia Baba kanyamaza, basi si kitu. Nikamwongoza mwenyewe hadi uwanjani. Kwenye kona ya mwisho alikuwa mbele ya wote, Baba, nami naita jina lake. Hapo mguu ukavunjika. Wakamzungushia shuka, daktari akamdunga sindano ya mwisho, kichwa chake nimekishika mimi.

Nimekukatia nywele za shingo yake, zimo humu. Mkufunzi ameniuliza kama niliona dalili yoyote. Nimesema hapana.

Mwanao,
Mitsugu

Urakawa, 21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nywele zimefika. Mama yako kaziweka mbele ya picha ya bibi yako, na tangu hapo hasemi nami.

Barua aliileta Hirose, karani wa posta. Mama yako akamweleza yote, hata ile telegramu niliyoacha kupiga. Hirose akaweka kikombe chini, akaniambia kwa upole kabisa, "Mzee, si ungeniletea tu? Ningeipeleka palepale, na nisingemwambia mtu."

Nikamshukuru. Nikamsindikiza hadi barabarani, nikamwinamia, kisha nikaenda kukaa zizini, ambamo hamna farasi.

Kazi usiache. Ila nyumbani usije kwanza, mwanangu. Sijui nitakutazamaje.

Baba yako