Hoa wa Masomo

Ha'apai, Tonga

Mjukuu wangu Kalolaine,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Brisbane. Viazi vikuu vimestawi mwaka huu, na paa la kanisa limeacha kuvuja.

Salamu zako zilisomwa Jumapili mbele ya waumini wote, kama ilivyo desturi yetu kwa wanafunzi walio ng'ambo. Uliandika, "Mimi na hoa wangu Bronwyn hatujambo." Wajua kwamba kwetu hoa ni mwenzi wa ndoa, na pia ni mmoja wa wawili walio pamoja kwa lolote. Watu wakageukiana: wasichana wawili? Nami, nikiwa mimbarini, nikasema, "Hoa wa masomo, ndugu zangu."

Mlangoni shangazi yako Sela akanidaka. "Baba, masomo gani hayo? Ya kulalia mto mmoja?" Wanawake wakacheka hadi wakashika mbavu.

Kesho kamati ya kanisa inayokusomesha inataka niyaandike maneno yale ya mimbarini na kutia sahihi. Nisipoandika, utarudishwa nyumbani kabla ya kuhitimu. Nikiandika, nitakuwa nimesema uongo mara ya pili, safari hii kwa makusudi, mimi niliyehubiri kweli miaka arobaini. Nimeitafuta njia ya tatu katika sala, sijaonyeshwa.

Nitaandika. Nawe, hadi uhitimu, usilitaje tena jina la Bronwyn katika barua, wala usije naye huku. Salamu zangu mpe kwa mdomo. Uongo wangu nitautubu. Kwa upande wako, sijaona la kutubia.

Babu yako,
Semisi