Jimi Amefika Kisarawe

Mama, shikamoo. Jimi naye anakuamkia.

Ulisema nitarudi na mbwa wangu kabla chai haijapoa. Kweli, madereva wawili niliowaita kwa simu walimwona pale Maili Moja wakaghairi. Moyoni niliapa: asipopanda Jimi, siendi. Wa tatu, mzee mwenye kofia, akatandika gunia kitini. "Mate yake yasiguse gari, mwanangu. Nina swala mbele." Njia nzima nilikinga mate ya Jimi kwa viganja, hata kujikuna sikuthubutu. Tulipofika Kisarawe, mzee alinimiminia maji mikononi, akamwambia Jimi, "Una adabu kuliko abiria wangu wengi."

Huku kuna ubaridi mzuri. Jimi amenilalia miguuni. Chai yangu mpe Baba. Nawapenda.

Mwanao, Neema