Meni Swichi Iliyo Chumbani kwa Mama

KIKAO CHA FAMILIA YA ISHENGOMA
Tarehe: Jumapili, 9 Machi 2025, baada ya misa
Mahali: Sebuleni, nyumbani Igoma, Mwanza

Waliohudhuria:
Bagenda, baba mdogo – Mwenyekiti
Kokulinda, binti – Katibu
Mama Eugenia, mwenye nyumba
Deodatus, kitinda mimba, anakaa vyumba vya uani
Obedi, fundi umeme – mwalikwa

Asiyehudhuria: Revocatus, kaka mkubwa, yuko Magu. Hakutoa udhuru, na Katibu hakushangaa.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala fupi, akaomba watu wasifokeane kama kikao cha Krismasi. Deodatus alisema siku ile hakufoka, sauti yake ndivyo ilivyo.

KUMB. NA. 2/2025: BAJAJI YA UMEME
Deodatus alieleza kwamba tangu anunue bajaji ya umeme, akiichaji usiku meni swichi inajizima, nyumba nzima inakuwa giza, na asubuhi anaingia barabarani na chaji nusu. Abiria wake wameanza kuhamia kwa wengine. Katibu aliongeza kwamba friji nayo inayeyuka, jambo ambalo mtoa hoja alilisahau.

Fundi Obedi alieleza kwamba meni swichi ni ya zamani na waya wake mwembamba. Ameukuta umeanza kuungua. Alishauri ifungwe mpya, kubwa zaidi, ihamishiwe koridoni, na bajaji ipewe waya wake na swichi yake huko uani. Alisema ikiachwa hivi, siku moja nyumba itashika moto.

KUMB. NA. 3/2025: PINGAMIZI
Mama Eugenia alikataa. Alisema swichi imekaa chumbani kwake miaka yote na haijamla mtu. Deodatus alisema Mama anamkwamisha makusudi. Mwenyekiti alimtaka afute kauli. Aliifuta, shingo upande.

Katibu alimweleza Mama kwamba swichi mpya haitajizima ovyo, hivyo hakuna atakayemgongea mlango usiku kumsumbua. Mama alijibu, na maneno yake yanaandikwa kama yalivyotoka:

"Ndiyo hilo sasa. Umeme ukizimika mnakuja kunigongea. Deo anawasha, anakaa kitandani kidogo, ananiuliza miguu imeshindaje. Usipozimika, nani atakuja?"

Katibu, ambaye chumba chake kimepakana na cha Mama, aliona aibu.

KUMB. NA. 4/2025: UAMUZI
Meni swichi mpya ifungwe koridoni wiki hii. Deodatus aliomba swichi ya bajaji isiwekwe uani, iwekwe chumbani kwa Mama. Fundi alisema waya utakuwa mrefu bila sababu. Deodatus alimjibu kwamba sababu ipo. Kikao kiliafiki.

Mwenyekiti alimuuliza Mama kama ana la kuongeza. Mama aliuliza Deodatus atakuwa anakuja kuiwasha saa ngapi. Aliambiwa saa tatu usiku. Alisema ni usiku mno. Aje saa moja, ale kwanza.

Hapakuwa na jingine. Watu waliinuka saa nane mchana.

.......................... Bagenda, Mwenyekiti
.......................... Kokulinda, Katibu