Kumzika Collins Bila Collins

Buhongwa, Mwanza
12 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umelala. Mimi ni mzima, na cherehani yangu pia. Simu huipokei tangu ile siku ilipokuletea habari, ndiyo maana naandika. Mama Teodora ataivusha na feri akitoka kuuza dagaa.

Baba mdogo Okomo amenipigia tena. Anasema miezi miwili imepita na ziwa halijamrudisha mdogo wangu Collins, kwa hiyo tufuate desturi yetu: tukate tunda refu la mti wa yago, tulivike sanda, tulizike nyumbani Rorya badala ya Collins. Anasema wewe hutaki hata kulisikia. Mama, mimi sikulazimishi. Nataka kujua tu kama unakula.

Mwanao,
Akeyo


Kamanga
25 Machi 2024

Mwanangu Akeyo,

Marahaba. Huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mvua zimeanza na dagaa hawakauki, kila mtu ananuna.

Umeuliza kama ninakula. Nakula kwa sababu hawa wanawake wa kuanika dagaa hawanipi nafasi ya kukataa. Walianza kwa kuniambia ninawe uso. Uso tu, wakaenda zao. Siku nyingine wakanitoa nje nikae mlangoni. Juzi Mama Teodora kaniwekea ungo mapajani, akasema nitoe samaki wa furu waliochanganyika na dagaa, eti nisipowatoa wateja watamtukana yeye. Anajua kunichokoza yule. Nusu ya ungo nilichambua, nusu nililia, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Ziwani sijashuka. Ninaligeuzia mgongo, hata maji ya kuoga nataka ya kisima.

Na hilo tunda la Okomo silitaki. Nikilizika nimekubali. Collins ana miaka ishirini na miwili na ana jaketi okozi, nililinunua mwenyewe baada ya kumsumbua baba yako mwaka mzima kabla hajafa. Mtu mwenye jaketi hazami. Huenda upepo ulimsukuma mpaka kisiwani, akaokotwa na watu wasiomjua. Mimi nangoja.

Mama yako,
Akumu


Buhongwa, Mwanza
9 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Afya ninayo. Barua yako nimekaa nayo siku kumi, nikiifungua na kuikunja.

Jaketi la Collins liko kwangu. Alilileta Krismasi, mkanda umekatika, akaniomba niushone. Nikamwambia aje Jumatatu. Ukaingia Januari, nikazidiwa na sare za shule, wazazi wamejaa mlangoni. Alirudi mara mbili. Mara ya pili akacheka, akasema, "Dada, malizia watoto wa watu, mimi nitasubiri." Akavuka na feri ya jioni bila kitu. Siku sita baadaye mtumbwi aliokuwa akivulia ukapinduka.

Ile ilikuwa kazi ya dakika kumi. Nimeshaushona mkanda, nimeushona baada ya msiba, sijui kwa nini.

Ningeweza kukaa kimya. Lakini unamngoja kwa sababu ya kitu ambacho kinaning'inia kwenye msumari wangu, na kila ukingoja mimi ndiye ninayekudanganya. Nisamehe, mama. Usiponisamehe nitaelewa.

Akeyo


Buhongwa, Mwanza
2 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu, na sidai.

Mama Teodora alipita dukani jana. Nilimuuliza habari zako, akaangalia chini. Akasema umerudi kitandani na wamelazimika kuanza upya tangu kunawa uso. Nikajua nimekibomoa kile walichokijenga ungo kwa ungo.

Kuna siku nashindwa kufungua duka. Rebeka wa genge la jirani anachukua funguo, anafungua, ananikalisha kwenye cherehani, ananipa kitambaa kimoja. Anasema nishone pindo moja halafu nikitaka nilale. Mpaka leo sijalala baada ya pindo la kwanza, na hilo nakuandikia ili ujue tu kwamba nipo.

Akeyo


Kamanga
20 Mei 2024

Akeyo,

Marahaba zote ulizonidai. Nimekaa muda mrefu bila kukuuliza hali, nakuuliza sasa.

Nilikasirika. Nilitamani barua ile ingedondoka majini kabla haijafika. Nilisema maneno ambayo mama hamwambii mwanawe. Mama Teodora aliyasikia, na hatakuambia. Kisha nikalala, nikaona sina tena cha kungojea, na hilo ndilo liliuma kuliko jaketi lenyewe.

Wanawake wakaanza tena. Uso. Mlango. Ungo. Jumamosi wakanishusha mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wawili huku na wawili huku, na mmoja nyuma asije mtu akaniambia pole. Nikaliangalia ziwa. Nikamwita mwanangu kwa jina lake, mara moja, na hakuitika.

Nimemwambia Okomo akate tunda. Tunazika Ijumaa. Nitalivika mwenyewe, kwa shuka alilokuwa akijifunika.

Sasa nisikilize vizuri. Sijakusamehe. Sitaki kukudanganya kwa sababu wewe hukunidanganya. Kuna asubuhi naamka nikiona naweza, ikifika saa sita mchana imeondoka. Hata kwenye kusamehe nafikiri tutakwenda hivyo hivyo, uso kwanza.

Alhamisi nitavuka na feri ya kwanza. Naogopa maji, Akeyo. Wanawake watanishika mikono njia yote, lakini feri ikifika mjini watageuza nayo, dagaa wako juani na hawana mtu. Kutoka pale mpaka kwenye basi la Rorya sina wa kunishika.

Sijui nikikuona nitasema nini. Uwe pale.

Mama yako,
Akumu