Ukuta wa Matundu

Jumamosi, 12 Oktoba
Kiwanjani kwa nyumba yetu mpya tangu asubuhi. Kitambaa nilichofunga kwenye mti kimepepea upande uleule kwa saa tano mfululizo. Upepo unatokea kwa jirani mwenye kuku. Basi ukuta wa chumba cha Mama utakuwa huko, matofali ya matundu toka chini hadi juu. Upepo upite kwake, uingie ua wa katikati, utokee juu. Mwaka huu Mama amezimia mara mbili kwa joto la lile bati la nyumba ya zamani. Sitaki mara ya tatu.

Kaka kaja na picha kwenye simu. Vioo vya bluu, kiyoyozi, ua wote ufunikwe uwe sebule. Kichefuchefu! Nikamuuliza umeme ukikatika Mama atapumua nini, bluu? Kanuna, halafu kasema haya, msomi ni wewe.

Jumanne, 4 Machi
Tumehamia. Mama kaweka kiganja kwenye matundu, kasema hapa atalala kama mtoto. Nilienda kulia chooni, nisionekane.

Saa nane mchana upepo ukavuma. Uvundo! Mavi ya kuku ya siku tatu, yamelowa, yamechacha. Uliingia chumbani, ukazunguka ua, ukatokea juu. Sawasawa na mchoro wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejua sasa. Kila Jumamosi alfajiri jirani hutoa bandani maranda ya mbao yaliyochafuka, humwaga dawa, hutandaza mapya. Na mimi, kwa sababu ya ofisi, kiwanjani nilikuwa nakwenda Jumamosi tu. Miezi mitano nanusa dawa na kujipongeza.

Fundi aliyejenga alikuwa pale kila siku ya wiki. Nimemuuliza kwa nini hakusema. Eti alidhani najua, mchoro si wangu? Tena pua yake imeshazoea. Nilitaka kumtukana, nikakosa tusi linalomfaa yeye kuliko mimi.

Nzi kwenye kikombe. Nzi kwenye mswaki. Nimeutupa.

Jumapili, 9 Machi
Nilikwenda kwa jirani nikiwa nimekunja uso. Mstaarabu mno — kanipa trei ya mayai. Kasema kuku wake walikuwepo kabla ya msingi wetu. Kweli. Mayai yenyewe siwezi hata kuyatazama.

Mama nimemuuliza mara tatu. Eti upepo mtamu, mwanangu, mwili umepoa. Na kweli tangu tuhamie hajapata hata kizunguzungu. Kaka kajiziba pua na kola ya shati. Jumatano analeta saruji, anaziba ukuta wote, kiyoyozi kitafuata.

Jumatano, 12 Machi
Nimewaomba dakika kumi. Naandika nimekaa kitandani kwa Mama.

Kaka alifika na fundi saa tatu. Nikasogeza kitanda, saruji isidondokee mashuka. Chini yake — mabakuli matatu, yamefunikwa vizuri na visahani. Chakula cha jana, cha juzi, cha Jumapili. Hakijaguswa. Cha Jumapili kimeota manyoya. Na mimi kila jioni nauliza umeshiba Mama, ananiambia nimeshiba, mpaka basi.

Nikamwambia Mama, nini hiki? Kasema akiinua tonge tu humu, uvundo unalitangulia mdomoni. Eti angesema, ningeumia. Nimemshika mkono. Bangili inateleza mpaka kwenye kiwiko.

Sasa amesimama, mgongo ameuegemeza kwenye matundu, hatoki. Kamwambia Kaka ukuta huu usiguswe, kauchora mwanangu. Kaka anamwomba asogee. Hasogei. Upepo unapepea kanga yake, na unanuka.

Fundi ananiuliza mimi. Dada, nizibe nisizibe, saruji inaanza kuganda. Hii mara ya pili anauliza. Wote wananitazama, na bakuli la Jumapili bado liko mapajani mwangu.