Lugha Isiyohitaji Masikio

Jumatatu, 28 Julai 2025

Mvua tangu saa nane. Wateja wachache — dawa ya kupe, chakula cha kuku, basi. Nimepata nafasi ya kuandika mambo yalivyo, kwa mpangilio.

Binti yetu Njambi ana miaka tisa. Januari alilazwa wiki tatu, homa ya uti wa mgongo. Yeye akapona, masikio hayakupona. Daktari alisema ni yote mawili, na kwamba vifaa vya kuvaa havitamsaidia. Alirudi darasani kwake. Mwalimu anafundisha akiangalia ubao. Wenzake wakaanza kumwigiza, kwa sababu anaongea kwa sauti kubwa bila kujua. Aprili nikamtoa. Tangu Mei anasomea hapa Kiplombe, kwa meza iliyo nyuma ya duka, na mwalimu ni mimi, mtu wa kidato cha nne. Tunaandikiana kwa daftari. Yeye anajibu kwa mdomo akitaka, siku hizi hataki sana.

Sasa barua. Amepewa nafasi katika shule ya viziwi, ya bweni. Itashikiliwa hadi Jumatano tarehe 27 Agosti, saa saba mchana. Mke wangu, Waiyego, anataka twende tuione. Mimi nimesema hapana. Mtoto anaongea. Anasoma kupita rika lake. Amekuwa hivi miezi sita tu! Akiingia kule atatoka amenyamaza kabisa.

"Sawa, Baba Njambi," Waiyego akasema. "Ukimweka hapo nyuma ya magunia, mpango ni upi?"

Sina mpango. Nimepiga mstari chini ya neno mpango mara mbili.

Jumatano, 30 Julai

Chepkirui wa Elgon View alipitia kuchukua chanjo ya mbwa. Watoto wake watatu wanasomea nyumbani, wao kwa kupenda. Alimwona Njambi na vitabu vyake akaniuliza silabasi. Nikamwambia: Hesabu, Sayansi, Kiingereza, Kiswahili. Kwa lugha ndiyo tunakwama. Kiingereza kina mazoezi ya kusikiliza, Kiswahili kina imla.

Akasema wake wameanza Kilatini. Nikamuuliza kama anawalea wawe mapadri.

"Cheka tu. Inapanga akili. Na hakuna mtu anaizungumza siku hizi, ni ya kusoma na kuandika."

Alisema hivyo akitafuta funguo za gari kwa mkoba. Hakujua amenipa nini. Nilibaki na kasha la chanjo mkononi hadi akanikumbusha nimpe.

Lugha ambayo hakuna mtu anaizungumza. Kila anayejifunza anajifunza kwa macho. Hapo Njambi hatakuwa nyuma ya mtoto yeyote duniani. Kitu kimoja tu ambacho yuko sawa na wengine. Ndicho ninachomtafutia.

Jumamosi, 2 Agosti

Chepkirui ameleta vitabu vitatu vya wanaoanza. Chekundu, cha buluu, cha kijani. Niangalie kimoja kimoja, nichague, vingine nirudishe.

Nimechora jedwali. Kurasa ngapi. Masomo mangapi kwa wiki. Kuna mwongozo wa mzazi asiyejua? Kuna majibu nyuma? Kuna cha kusikiliza? Hiyo safu ya mwisho nimeiweka tu kwa utaratibu, nikijua zote zitakuwa hapana.

Waiyego alichungulia jedwali akinipa chai. Akaweka kikombe kando yake akaenda. Akisema kitu huwa ni afadhali.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya kanisa nimekaa na kitabu chekundu. Somo la kwanza, mstari wa kwanza: sikiliza wimbo, kisha imba mara tatu. Somo la pili: imba. La tatu: imba pamoja na ndugu zako. Kila orodha ya maneno ina tuni yake. Nimehesabu neno "sikiliza" hadi ukurasa wa sitini. Arubaini na moja. Nikaacha.

Cha buluu ni michezo. Muulize mwenzako, mwenzako ajibu haraka, asiyejibu atoke. Mwenzake nani? Kuku?

Nikampigia Chepkirui simu.

"Ee, hiyo ndiyo njia," akasema. "Wangu wanaimba hata wakioga."

"Lakini ulisema haizungumzwi."

"Haizungumzwi. Inaimbwa."

Hakuwa ananicheka. Alikuwa ananieleza.

Jumatatu, 4 Agosti

Kimebaki cha kijani. Ni cha zamani, kilikuwa cha mtu mwingine kabla ya Chepkirui. Herufi ndogo, hakuna picha, hakuna wimbo. Majedwali ya maneno na mazoezi, jedwali na mazoezi. Majibu nyuma yapo, lakini mtu amechana kurasa kuanzia somo la tisa. Mwongozo wa mzazi hakuna. Kinadhani mwalimu anajua.

Kwa jedwali langu kimepata alama chache kuliko vyote. Katika safu ya mwisho ndicho pekee chenye hapana.

Nimekichagua. Sijui kama huko ni kuchagua.

Alhamisi, 7 Agosti

Nasoma somo moja mbele yake, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kufungua duka. Sielewi vizuri. Neno linabadilika mwisho kulingana na kazi yake, na nani anamfanya nani nini hujulikana hapo mwishoni tu. Nimesoma ukurasa wa nane mara nne.

Lakini Njambi! Amemaliza somo la kwanza na la pili. Puella, msichana. Aqua, maji. Agricola, mkulima. Hilo la mkulima lilimfurahisha, kwa sababu alilijua kutoka kwa karatasi za dawa dukani. Ameandika AGRICOLA kwa kalamu nzito akabandika kwa mlango, upande wa wateja. Mzee mmoja wa Ainabkoi akauliza kama ni mbegu mpya.

Nilimwambia Waiyego: umeona? Siku nne.

"Nimeona," akasema. "Anaweza kusoma chochote. Hilo hatukuwa tunabishania."

Jumanne, 12 Agosti

Asubuhi mbaya.

Somo la tano. Njambi aliandika sentensi tatu bila kosa. Kisha akaweka kalamu chini akaniuliza kwa mdomo, kwa ile sauti ya juu, na duka lina watu: "Baba, nani anaongea hii?"

Nikaandika: Hakuna. Ndiyo uzuri wake.

Akasoma. Akaniangalia kama anayengojea niandike ingine. Kisha akachukua kalamu, akaandika chini yangu, na mwandiko wake ule safi: Basi nikishaijua nitaongea na nani?

Mteja alikuwa anataka chumvi ya ng'ombe. Nikaenda kumpimia. Nilipima mara mbili. Niliporudi alikuwa amefunga kitabu anachora.

Ukurasa uko hapa mbele yangu. Nimejaribu kuandika "na mimi." Lakini si kweli. Mimi niko somo la tano na sina majibu ya la tisa.

Jumatano, 13 Agosti

Hakuna Kilatini leo. Alisema kichwa kinauma.

Ijumaa, 15 Agosti

Chelimo, fundi wa nguo aliye mkabala na duka, ni kiziwi tangu kuzaliwa. Miaka minne tumekuwa majirani. Wateja wake wanaandika wanachotaka kwa daftari lililofungwa na uzi kwa cherehani. Mimi humpungia mkono asubuhi na jioni. Ndiyo mazungumzo yetu yote.

Leo saa tano nilimtafuta Njambi mezani, hayupo. Yuko ng'ambo, amekaa juu ya furushi la vitambaa, na Chelimo ameacha kushona. Mikono inaenda. Si ya Chelimo tu. Njambi pia — polepole, anakosea, anarudia, Chelimo anamshika kidole na kukinyoosha. Kisha Njambi akafanya kitu na mashavu, kama mtu mnene anayetembea, wakacheka wote wawili hadi Chelimo akaegemea mashine.

Sijamwona akicheka hivyo tangu Januari.

Nikavuka barabara. Waliponiona wakaacha. Si kwa ubaya. Kama watu wazima wanavyoacha mazungumzo mgeni akiingia.

"Mlikuwa mnacheka nini?" nikauliza, nikikunjua midomo vizuri aione.

Akafikiria. "Ni ndefu, Baba," akasema.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemuuliza Waiyego kama alijua. Alijua. Ni tangu Juni. Kila nikienda mjini kuleta bidhaa, Njambi anavuka kwa Chelimo. Waiyego naye amejifunza kiasi. Alinionyesha: chai, njoo, lala, umekula? Vidole vyake vya kumenya viazi, sikujua vinaweza kwenda hivyo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungechora jedwali."

Akakaa karibu nami. Akasema si kunitukana. Akasema, unamtafutia mtoto lugha ya watu waliokufa, na walio hai wako hapo ng'ambo wanashona.

Nikamwambia hataki kuona kwamba mtoto anaweza kuongea, na asipoongea ataisahau sauti yake. Miaka mitano tu, itakuwa imeisha. Sauti ambayo sisi ndio tuliifundisha. Neno lake la kwanza lilikuwa maji, akiwa kwa mgongo wa mama yake, hapo kwa mfereji.

Waiyego akasema anakumbuka. Akasema yeye ndiye alikuwa mgongo.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimejaribu somo la sita peke yangu. Sikuweza.

Jumatano, 20 Agosti

Chelimo ameshona sketi ya kijivu, ya sare. Nimeiona ikining'inia kwake. Kipimo ni cha Njambi, sihitaji kuambiwa. Waiyego hajafanya siri, hajasema pia.

Nilivuka, nikachukua lile daftari la uzi, nikaandika: Ulisoma shule gani? Akaandika. Ni hiyo hiyo ya barua. Nikaandika: Ulikuwa na miaka mingapi ulipoingia? Kumi na mbili. Nikauliza kabla ya hapo alikuwa wapi.

Akaandika neno moja: Nyumbani.

Nikangoja aongeze. Akavuta kitambaa akaendelea kushona. Mguu ukaanza kukanyaga kabla sijaweka kalamu chini.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimerudisha chekundu na cha buluu. Cha kijani nimekaa nacho. Chepkirui aliuliza tunaendeleaje. Nikasema vizuri. Akasema somo la saba ndilo huvunja watu, tukipita hapo tumepita.

Jumatatu, 25 Agosti

Shule zimefunguliwa. Tangu asubuhi sare zinapita mbele ya duka. Njambi alisimama mlangoni hadi wa mwisho akapita. Kisha akaingia, akafungua kitabu bila kuambiwa, akafanya mazoezi yote ya somo la sita. Yote sahihi. Aliniletea nisahihishe, akasimama hapo kando yangu.

Nikaweka alama za vema. Kumi juu ya kumi. Nilitaka kumwandikia kitu. Nikaandika: Vizuri sana.

Akaandika: Asante.

Ndiyo yote tuliyoambiana leo.

Jioni nilimwambia Waiyego tutaenda Jumatano. Kuona tu. Akaniuliza "kuona tu" ni nini. Nikasema sijui.

Jumatano, 27 Agosti

Naandika nikiwa kwa benchi, nje ya ofisi ya shule. Saa sita na dakika ishirini na tano. Waiyego ameenda na matroni kuona mabweni. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, mama mpole, anaongea na mikono yake inasema pia, hata akizungumza na mimi. Nilimuuliza kuhusu sauti. Alisema ukweli: wako watoto wanaoendelea kuongea, wako wanaoacha, na hawezi kuniahidi wa kwangu atakuwa upande gani. Alisema hapa watoto humpa mgeni jina la mkono, ishara ya kumwita. Hawaulizi wazazi.

Fomu iko gotini. Karani alisema imalizike kabla ya saa saba.

Njambi yuko uwanjani. Tulipoingia alikuwa ameshika koti langu. Wasichana watano wakaja, mmoja mrefu mwenye bandeji kidevuni, wakamwangalia, yeye akainua mkono akawaambia kitu. Sikujua anajua kuwaambia watu kitu. Wakamzunguka. Akaachia koti.

Hiyo ni nusu saa iliyopita. Kumekuwa na jua, na sweta yake ni nzito, kwa hivyo nilisimama nikamwita aivue. Nilimwita kwa nguvu, kama ninavyomwita tangu alipoanza kutembea. Uwanja una watoto kama sitini. Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Bawabu ndiye aliyegeuka, na mpishi aliyekuwa anamwaga maji. Nikakaa.

Fomu. Jina la mwanafunzi: nimejaza. Tarehe ya kuzaliwa: nimejaza. Chanzo cha ulemavu: nimejaza. Mstari wa saba unauliza lugha anayotumia na wazazi wake. Niliandika Kiswahili. Nimekikata. Niliandika "kwa daftari." Nimelikata pia. Sasa hapo pamechafuka.

Sahihi bado.

Ameniona. Amesimama katikati yao, anainua mkono, anagusa paji la uso na vidole viwili kisha anavizungusha. Yule mrefu anamrekebisha kidole. Anarudia, ameniangalia mimi. Nadhani ni jina. Nadhani ananiambia anaitwa nani.

Nimeinua wangu pia. Nimeushusha ili niandike hii.

Karani ametoa kichwa dirishani, anauliza kama nimemaliza.