Mashamba Matatu ya Mizabibu

3 Mei

Dada yangu mpendwa,

Hujambo wewe, na hao pacha wako? Mgongo wa Baba Pacha umepoa, au bado anatembea kajishika kiuno kama mjamzito? Sisi huku wazima wa mwili.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu ipo, ila jioni mume wangu huichukua akaichaji kwenye chumba chake cha kazi, na asubuhi akinirudishia ananiuliza, kwa upole kabisa, "Dada yako jana alikuwa anacheka nini vile?" Nimechoka kueleza vicheko. Ukijibu, tuma kwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, anwani yake iko mgongoni mwa bahasha. Kwake naruhusiwa kwenda, maana mume wangu anapenda nguo zinikae vizuri.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu ni kumbukumbu ya ndoa yetu. Amekodi gari na dereva wake kwa siku nzima, tuzunguke mashamba ya mizabibu huko nje ya mji, tuonje mvinyo. Mashamba matatu, sisi wawili tu. Watu wengine huenda kwa basi, kundi zima, wanaimba, wanarudi wameegemeana. Nilimwomba twende hivyo. Akasema, "Nikuchanganye na watu wa nini?"

Kila nikimweleza mtu ananiambia nina bahati. Mimi najisikia kama niliyeambiwa nitakaa ndani ya lifti kutwa. Labda ni deko tu. Niambie wewe.

Mdogo wako.


11 Mei

Mdogo wangu wa mwisho, kitinda mimba,

Salamu zako tumezipata, na sisi tunapumua. Mgongo wa Baba Pacha umepona siku ileile aliyopewa lori. Ndiyo, shemeji, huyo mumeo, amemtoa kwenye kubeba magunia, sasa anaendesha! Anaingia nyumbani kapakata ufunguo kama kichanga. Na hii nyumba ya kampuni yake wametupakia rangi, jikoni hakuvuji tena. Pacha wameshauchora ukuta mzima, nimewachapa, wamechora tena.

Sasa hiyo safari yako. Mwenzio huonja mchuzi tu kuona kama chumvi imekolea, tena nimesimama. Wewe unapelekwa kwa gari, unamiminiwa, unaulizwa unaonaje, halafu unalia lifti! Mwanamume anayekutoa mchana kweupe, haendi kunywa na wenzake, ana ubaya gani? Wa kwangu kumbukumbu ya ndoa aliniletea ndoo. Nzuri, ina mfuniko, lakini ndoo.

Ya simu sijayapenda, sikufichi. Ila wanaume wengine wivu wao ni wa kitoto, huisha. Nenda, mama. Vaa ile ya bluu. Onja vyote, halafu uniandikie nionjee humo humo.

Dada yako.


28 Mei

Dada,

Natumaini mko salama, na pacha wamepumzisha ukuta. Mimi sijambo. Ya safari nakupa yote kama yalivyokuwa.

Ya bluu sikuvaa. Niliikuta nyeupe kitandani, imenyooshwa, na viatu chini yake. Nyeupe, kwenda kuonja mvinyo mwekundu! Nikacheka, yeye hakucheka. "Utakuwa mwangalifu," akasema.

Dereva alikuwa mwanamke wa rika lako, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi, si msemaji. Mimi na mume wangu tulikaa nyuma. Nje kulikuwa kuzuri, Dada, vilima vimechanwa kwa mistari ya mizabibu kama nywele. Nilitaka kushusha kioo nipate hewa. Hakikushuka.

Shamba la kwanza tulipokewa na mama mmoja mchangamfu, vidole vimekolea zambarau. Akatufundisha: tazama rangi, nusa, chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, kisha liteme kwenye ndoo. Mume wangu akasema, "Mke wangu hatemi mbele za watu." Basi nikawa nameza. Yule mama akaniuliza, "Wewe unasikia ladha gani?" Mume wangu akajibu, "Yeye hupenda mtamu." Yule mama akamimina, akaniuliza tena, akimwangalia mume wangu pembeni. Mume wangu akajibu tena. Nilisimama pale na glasi mkononi kama kiti kilichowekewa glasi.

La pili lilikuwa na ghala chini ya ardhi, mapipa yamelala safu mpaka gizani, baridi kama ndani ya mtungi. Mmiminaji alikuwa kijana wa kiume mwenye aproni. Akatuwekea glasi mbili, akasema chagueni mnaoupenda. Sijui ni kule kumeza tangu asubuhi au ni nini. Nikatangulia. "Huu wa pili," nikasema. Ulikuwa mkavu, umekamata ulimi kama chai iliyolala, nikaupenda kweli.

"Wa kwanza," akasema mume wangu. "Anakosea, wa pili ni mchungu."

Kijana akacheka, "Mzee, muache bibi na ulimi wake!"

Tukacheka wote, na mume wangu ndiye aliyecheka zaidi. Garini akanishika mkono, akaubana mpaka pete ikazama kwenye nyama. Huku anaubana anaongea na dereva kuhusu mvua, sauti yake tulivu, anamuuliza kama huku hunyesha mapema. Nilitazama mbele. Kwenye kioo cha juu niliyaona macho ya dereva.

Kufika shamba la tatu akasema, "Mke wangu amechoka, atapumzika garini." Akashuka peke yake, akaenda zake huku akifunga kifungo cha koti.

Nilivuta mlango. Haukufunguka. Nikavuta wa upande wa pili.

"Haifunguki kwa ndani," dereva akasema bila kugeuka. "Ni ile kufuli ya kuwazuia watoto. Bwana aliniomba asubuhi niifunge, na vioo pia. Alisema una kizunguzungu, kwamba hufungua mlango gari likiwa mbioni."

"Sijawahi kuwa na kizunguzungu maishani mwangu," nikamwambia.

Aligeuka akanitazama. Kisha akashuka, akazunguka, akanifungulia. "Dada," akasema, "ukikata katikati ya ile mizabibu unatokea barabara ya lami. Malori ya maziwa hupita, wenyewe ni watu wazuri, hubeba watu. Mimi naenda msalani. Tumbo langu linanisumbua leo, nitachelewa." Akaenda kweli, hakutazama nyuma.

Nilishuka. Nilipita katikati ya mizabibu, majani yananigusa mabega, viatu vinazama udongoni. Nikatokea barabarani. Lori lilikuja, likapunguza mwendo, dereva wake akatoa kichwa akaniuliza kwa mkono: vipi?

Nikakuona wewe, Dada. Nikamwona Baba Pacha na ufunguo wake, na ile nyumba yenu iliyopakwa rangi. Lori analoendesha ni la nani? Nyumba ya nani? Nikiondoka mimi, nyie mtalala wapi wiki ijayo? Nikampungia yule mtu apite, akapita.

Nikarudi, nikakaa mahali pangu, nikavuta mlango nikaufunga mwenyewe. Nikafuta udongo kwenye viatu kwa upindo wa gauni, kisha nikaukunja upindo usionekane. Mume wangu akaja na sanduku la chupa. "Nimekuchagulia," akasema. Zote tamu.

Nilimwambia ahsante.

Mdogo wako.


5 Juni

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali, hali nimeisoma.

Nimeisoma barua yako nimeketi juu ya ile ndoo jikoni, pacha wanagonga mlango, sikufungua mpaka nilipomaliza. Halafu nikamsomea Baba Pacha. Unamjua, mtu wa mzaha. Alisikiliza, akautoa ufunguo wa lori mfukoni akauweka mezani. Chakula kikapoa.

Nisikilize vizuri. Mimi nilikubeba mgongoni kabla hujajua kutembea. Usinifanye mimi kufuli ya mlango wako. Sitaki. Bora nilale kwenye turubai.

Usiandike kwanza mpaka upate barua yangu nyingine.

Dada yako mkubwa.


22 Julai

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Nakuwaza usiku na mchana, lakini vingine ni salama.

Tumehama. Baba Pacha ameacha kazi. Shemeji alimpigia mwenyewe, sauti ya asali, akamuuliza nani amemuudhi. Baba Pacha akamjibu mgongo umerudi. Mwongo mbaya yule, nilimsikia anapiga kelele kwenye simu kama anauza nazi. Sasa anapakua mbao kwa fundi seremala, na mgongo kweli unauma, kajitabiria. Tuna vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mikate. Joto ni la kuzimu, ila pacha wanadhani tumefika peponi, maana mikate iliyoungua wanapewa bure.

Anwani yetu mpya nimeikunjia humu. Isome, ishike kichwani, ichome.

Hatuna chochote chake sasa. Si kijiko, si paa, si ufunguo. Hana pa kutushika, na wewe huna wa kumwonea huruma huku. Godoro lako nimeshaliweka upande wa dirishani, ambako joto lina aibu kidogo.

Njoo.

Dada yako.


10 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Najua hupendi nikikuamkia, unasema nakuzeesha, lakini leo nimeona nikuamkie. Baba Pacha mpe pole ya mgongo.

Barua yako niliisoma kwa fundi, nimesimama na pini kiunoni, napimwa gauni ambalo sikulitaka. Nililia, fundi akafanya kama ananipima mabega ili watu wa nje wasinione uso.

Nilidhani ningeondoka siku ileile. Miezi yote nilikuwa najiambia ni kwa ajili yenu. Sasa mmejitoa, mmekaa kwenye joto la mikate kwa ajili yangu, na mimi bado nipo. Hilo ndilo linanitisha. Naamka nasema leo. Mume wangu anashuka ngazi, ananiuliza nimelalaje, ananichagulia hereni, na mdomo wangu unajibu kama ulivyozoea. Wala hajanipiga, Dada. Ningekuwa na alama ningewaonyesha watu. Nitaonyesha nini? Hereni?

Ameniuliza kwa nini mlihama. Nikasema sijui. Akanitazama muda mrefu, akasema vizuri, sasa tumebaki wawili tu. Tangu jana geti lina mlinzi. Anasema ni kwa ajili ya wezi.

Usinichukie.

Mdogo wako.


3 Septemba

Dada,

Naandika nikiwa kituo cha mabasi, juu ya mapaja, usijali mwandiko.

Mume wangu ana wageni wa kazi, amewapeleka mashambani kule kule kuonja. Mimi ameniacha, alisema sijui kunyamaza palipo na watu. Mlinzi nilimwambia naenda kwa fundi, akafungua geti, akanitakia mchana mwema. Nilipita mlango wa fundi sikuingia. Nikaendelea tu. Viatu vilikuwa vinagonga lami, nikadhani watu wote wanasikia.

Basi la kwanza limeondoka sikulipanda. Utingo aliniita, "Mama, twende, kiti kimoja!" Mimi nikamwambia namsubiri mtu. Sijui namsubiri nani. La pili linapakia sasa hivi. Naliona. Mlango uko wazi, hauna kufuli yoyote, abiria wanaingia na mizigo na kuku na kugombana, na mimi nimekaa.

Kuna mama hapa anauza karatasi na bahasha. Nimemwomba aitie posta barua hii nikishaondoka hapa, niende kokote nitakakokwenda. Nikifika kwako kabla yake, Dada, ikija ichane usiisome, naona aibu. Ikikufikia kabla yangu, basi ujue nilirudi.

Wanaita abiria.

Mdogo wako.


8 Septemba

Mdogo wangu,

Barua imefika asubuhi. Nimekaa mlangoni mpaka mikate ya jioni imetoka. Kila aliyepita na begi nilisimama.

Sikuchukii, wala usiione aibu. Ulifika mpaka kituoni. Kilichobaki nitakwenda mimi.

Siandiki tena. Fundi atakupa barua hii siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi nitakuwa getini kwenu, geti la mbele, na Baba Pacha na mgongo wake. Sitajificha wala sitapiga kelele. Nitamwambia mlinzi, na mumeo akitoka nitamwambia yeye, kwamba nimekuja kumchukua mdogo wangu. Akisema ingieni tunywe chai, nitasema ahsante, nasubiri hapa hapa. Nitasubiri mpaka utoke, hata kukiingia Jumapili.

Wewe usiseme lolote, usimjibu, usieleze, usifunge mzigo. Nitasema mimi.

Wewe vaa viatu tu.

Dada yako.